Elimu ya Viumbe na Makao Yao

Wazazi wa hapa Mlandege, mjini Iringa, hutuuliza sisi walimu: Mtoto akienda chuo kikuu kujifunza ikolojia, atarudi na nini? Daktari twamjua, na mhandisi twamjua. Lakini huyu msomi wa vyura na majani, kazi yake nini?

Ikolojia ni elimu ya viumbe na makao yao, yaani jinsi mti, maji, mdudu na mwanadamu wanavyotegemeana. Na tutazame mfano wa karibu, korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 wataalamu walikuta huko chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyepata kuonekana mahali pengine popote duniani. Hatagi mayai, bali huzaa watoto. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko, katika eneo dogo mno.

Mto ulipogeuzwa mwaka 2000 kuendesha mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakapungua sana. Mabomba yakawekwa kurusha maji badala yake, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kulelewa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakapukutika ghafula, na ugonjwa wa ukungu ukaonekana kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa ya kwamba hawapo tena porini. Lakini mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutunzwa, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Msomi huyu hasemi umeme usiwepo, maana watoto wetu husoma kwa mwanga wake. Yeye hupima maji gani yaachwe yapite, na kiumbe gani kitadhurika kwanza, ayaseme hayo kabla ya ujenzi. Kihansi chura alijulikana ujenzi umekwisha anza. Ndiyo sababu tiba ikawa ngumu.

Nasi tuna jambo lililo kubwa kuliko chura. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Juu yake, Usangu, wamo wakulima wa mpunga na wafugaji. Chini lipo bwawa la Mtera. Wote wayahitaji maji yale yale. Ni nani atakayeyapima kwa haki, kama si vijana waliozaliwa kando yake?

Basi kijana apendaye somo hili na ashike sana biolojia, kemia, jiografia na hesabu, tena asiogope matope. Nanyi wazazi, msimcheke.