Hadhi ya Ithibati kwa Waajiri Wanaodhamini Wafanyakazi kutoka Nje: Faida na Mipaka Yake



Katika mikutano yetu na jumuiya za wasemaji wa Kiswahili hapa Australia, swali moja hurudi mara kwa mara: mwajiri anayemdhamini mfanyakazi kutoka nje hupata faida gani akiwa na hadhi ya ithibati? Wanaouliza si waajiri peke yao. Ndugu zetu walioko Nairobi, Goma au Dar es Salaam nao hulisikia neno hilo kwa mawakala, na wengine huombwa fedha kwa ajili yake. Kwa hiyo tutajibu kwa pande zote mbili.

Mwajiri anayetaka kumleta fundi au mtaalamu kwa viza ya daraja la 482 hupitia hatua tatu. Kwanza, biashara yake huidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani kuwa mdhamini, na idhini hiyo hudumu miaka 5. Pili, huwasilisha nafasi ya kazi anayotaka kuijaza. Tatu, mfanyakazi huomba viza.

Ithibati ni daraja lililo juu ya idhini hiyo ya kawaida. Hupewa waajiri ambao wizara imeridhika na mwenendo wao, zikiwemo taasisi za serikali na biashara zenye rekodi njema ya udhamini.

Faida yake kubwa ni muda. Maombi ya mwajiri huyo, ya nafasi na ya viza, hutangulizwa kushughulikiwa, na baadhi ya yale yasiyotiliwa shaka hupitishwa kwa utaratibu mfupi zaidi. Aidha, barua ya mwajiri kuhusu tabia njema ya mfanyakazi yaweza kukubaliwa badala ya cheti cha polisi. Kwa mkahawa uliokosa mpishi au gereji iliyokosa fundi, kila wiki inayookolewa ina thamani.

Hata hivyo, ithibati hufupisha njia tu. Haimwondolei mwajiri wajibu wowote. Bado atalipa mshahara usio chini ya ule wa soko. Bado ataitaarifu wizara mabadiliko yanayotakiwa ndani ya siku 28. Bado atalipa tozo ya mafunzo: dola za Australia 1,200 kwa kila mwaka wa viza ikiwa mauzo yake ya mwaka hayafiki dola milioni 10, au 1,800 yakifika au kuzidi hapo. Kwa biashara ndogo inayodhamini mtu mmoja kwa miaka 4, tozo hiyo ni dola 4,800, nayo hulipwa pamoja na ombi la nafasi. Si halali kumtoza mfanyakazi hata senti moja ya fedha hizo, wala kuzikata katika mshahara wake.

Hapa ndipo penye hatari. Tangu Desemba 2015, ni kosa kisheria kuomba au kupokea malipo ili kumdhamini mtu kwa viza. Na kutoa malipo hayo pia kumekatazwa. Mtu akiuza shamba la familia ili alipie udhamini, hufika akiwa na deni, na mwenye deni huogopa kulalamika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema auziwe.

Kwa mfanyakazi, basi, ithibati ni dalili njema, lakini si dhamana. Akikuambia mtu kwamba kampuni yake ina ithibati na kwa hiyo udhamini wake ni ghali, jua kwamba sababu hiyo haipo katika sheria. Mwombe jina kamili la mwajiri, kisha litazame katika orodha ya waajiri waliokatazwa kuajiri wageni, ambayo huwekwa wazi kwa umma.

Vilevile, usidhani kwamba ukimwacha mwajiri mbaya utafukuzwa nchini siku hiyohiyo. Tangu tarehe 1 Julai 2024, mwenye viza hii aliyeacha kazi ana hadi siku 180 kwa mkupuo mmoja, zisizozidi 365 kwa jumla katika muda wa viza, za kutafuta mdhamini mwingine. Mwajiri anayetumia viza kumtisha mfanyakazi huvunja sheria.

Kwenu waajiri, ushauri wetu ni huu: tengenezeni kwanza vitabu vya mishahara na mikataba, ndipo mfikirie ithibati. Hadhi iliyopatikana kwa mwenendo mwema huweza kuondolewa kwa mwenendo mbaya, na biashara iliyozoea njia fupi itaumia zaidi ikirudishwa kwenye foleni.

Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili apige simu 131 450, aombe kuunganishwa na ofisi ya umma anayoitaka.