Kambi ya Mackinnon Road
(Hotuba ya wakili mbele ya waumini, Diani)



Mackinnon Road, humu humu Kwale, palikuwa na kambi. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwaweka kizuizini hapo maelfu waliokamatwa Nairobi, bila kesi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria nilipazuru pamoja na mzee aliyenusurika. Nikamwuliza alishtakiwa kosa gani. Akacheka: “Mwanangu, ningekuwa na kosa, ningeambiwa siku ya kutoka.”

Kule Hola, tarehe 3 Machi 1959, wenzake 11 walipigwa wakafa. Serikali ikatangaza kwamba walifariki baada ya kunywa maji. Uingereza ilikiri mateso hayo mwaka 2013, ikawalipa fidia wazee 5,228.

Haki iliyongoja zaidi ya miaka 50 iliwakuta wengi kaburini. Basi, jirani akichukuliwa usiku, tusingoje: tuulize mchana, kwa sauti, yuko wapi, na kwa kosa gani?