KARANI WETU AWE MTU WA NAMNA GANI?
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa Akiba na Mikopo)

Ndugu wanachama,

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kuajiri karani mpya. Tusilichukulie jambo hili kimzaha. Pesa haziendi zenyewe. Mtu anazipokea, mtu anaziandika, mtu anazikopesha. Mtu huyo akiwa hajui kazi, au ana njaa, akiba yetu iko mashakani.

Kwanza, KUMCHAGUA. Tumeshasikia watu wakisema, "Mchukueni mtoto wa fulani, ni wetu huyo." Sawa, ni wetu. Lakini anajua kufunga hesabu za siku? Waombaji wote tuwape mtihani mmoja wa hesabu. Ndugu wa mjumbe naye aombe, ila mjumbe huyo asikae kwenye usaili.

Pili, KUMFUNDISHA. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu. Kazi yake ndiyo hiyo, kufundisha watu wa ushirika. Wapo wanaosema nauli na ada ni hasara. Jamani, hasara ni mkopo uliotolewa bila kupima kama mkopaji ataweza kulipa!

Tatu, MSHAHARA. Anayeshika pesa za watu kutwa nzima na kwake hakuna unga, sisi ndio tunaomtia majaribuni. Alipwe kwa tarehe yake, siyo mpaka mwenyekiti akumbuke.

Nne, LIKIZO. Hii siyo zawadi tu. Karani akiwa likizo, mwenzake anashika vitabu, na kama kuna lililofichwa litaonekana. Anayekataa likizo kila mwaka tumwulize, kuna nini? Tena anayepokea pesa asiwe yeye huyo huyo anayeidhinisha mikopo.

Tano, SISI WENYEWE. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka chama kama chetu kiwe na leseni. Leseni haiwezi kukusomea kitabu chako. Kila mmoja afungue kitabu chake cha akiba, asome tarehe, kiasi, salio na sahihi. Asiyejua asione haya, aje darasa la kisomo Jumanne na Alhamisi jioni. Karani mwema hufurahi mwanachama akijua kusoma. Anayechukia tumwangalie vizuri.

Basi Jumamosi tufike wote, na kila mtu aje na kitabu chake.

Katibu wa Tawi