Kabla ya Kuongeza Kidonge: Dawa, Fikra na Uchovu kwa Wagonjwa wa MS



Mgonjwa wa multipo sklerosisi, au MS kwa kifupi, akilalamika kwamba akili imekuwa nzito na mwili hauna nguvu, lawama yote huangukia ugonjwa. Hoja yangu jioni hii ni kwamba sehemu ya lawama iko kwenye cheti chake cha dawa.

Mchango wa ugonjwa wenyewe siupingi. Katika MS, kinga ya mwili huishambulia mielini, utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe uliokuwa ukipita mbio huanza kusuasua. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu jijini Paris mwaka 1868, alikwisha kuona kumbukumbu ikidhoofika na fikra zikija polepole. Leo kasi hiyo tunaipima kwa karatasi moja: alama 9, kila moja na tarakimu yake. Mgonjwa hupitia mistari ya alama akitaja tarakimu zake, na baada ya sekunde 90 tunahesabu alizopata. Huenda asikosee hata moja. Kinachompungukia ni mwendo.

Sasa ongezeni dawa. Misuli imekakamaa, anapewa baklofeni. Kibofu hakitulii, oksibutinini. Neva zinawaka moto usiku, amitriptilini au gabapentini. Kila dawa ina sababu yake, na pengine kila moja imeandikwa na kliniki tofauti. Lakini baklofeni na gabapentini huleta usingizi. Oksibutinini huzuia asetilikolini isikikaze kibofu, kisha huvuka hadi ubongoni, ambako asetilikolini hiyohiyo inahitajika ili mtu akumbuke. Amitriptilini nayo huizuia, na juu yake huleta usingizi. Shida mbili zisizohusiana zimetibiwa kwa dawa mbili, na zote mbili zimeishia kuidhoofisha kumbukumbu.

Kinachofuata mara nyingi ni dawa ya kuchangamsha. Mwaka 2021 jarida la The Lancet Neurology lilichapisha utafiti wa Marekani ambamo wagonjwa 141 walipangiwa kumeza, kwa zamu, amantadini, modafinili, methilifenideti na kidonge kisicho na dawa. Alama za uchovu zilishuka kutoka takriban 51 hadi karibu 40, na kidonge kitupu kilizishusha kama vilivyofanya vingine. Tofauti ilijitokeza kwenye madhara, yaliyoripotiwa zaidi kwa zile dawa tatu. Kwa upande wa kumbukumbu, donepezili, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, ilileta matumaini katika jaribio dogo la mwaka 2004. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2011 halikuyathibitisha.

Ndiyo maana nasema tuanze kwa kukagua. Je, analala, au kibofu humwamsha kila mara? Ana sonona? Damu imepungua? Kisha tupitie dawa moja baada ya nyingine. Dozi inayolevya inaweza kusogezwa usiku. Oksibutinini inaweza kuiachia nafasi trospiamu, ambayo haiingii ubongoni kwa urahisi, au mirabegroni, isiyoigusa asetilikolini. Tupime kasi ya fikra kabla ya badiliko na baada yake, tusitegemee kukisia. Na tuwaonye wagonjwa wasijikatishie dawa nyumbani: baklofeni ikiachwa ghafla inaweza kuleta degedege na maruweruwe.

Kupunguza nako kuna gharama. Baklofeni ikishuka, miguu inaweza kukakamaa tena. Mhasibu anaweza kuona afadhali miguu mizito kuliko hesabu zinazomponyoka. Fundi anayesimama kutwa anaweza kuchagua kinyume chake. Daktari anajua dawa inafanya nini, lakini anayejua siku yake inataka nini ni mgonjwa. Mazungumzo hayo yafanyike kabla kalamu haijagusa cheti.