Kuingiza na Kupunguza Klipu katika Video za Ushuhuda: Mfano wa Gendabi



Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Leo nazungumzia kazi inayohesabiwa kuwa ya ufundi mtupu, yaani kuingiza klipu kwenye mstari wa muda na kupunguza kichwa au mkia wake. Nimechagua ushuhuda wa watu wa Gendabi kwa sababu hapo nusu sekunde inatosha kumfanya mfiwa aseme jambo ambalo hakulisema.

Nianze na kupunguza. Chukueni sentensi kama hii: "Tulidhani mlima umelipuka." Mtu aliyeamshwa na ule mngurumo ana kila sababu ya kuisema, maana Hanang ni volkano ya kale, na siku zile za mwanzo minong'ono ya mlipuko ilienea. Baadaye Serikali ilitoa maelezo ya wataalamu: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka na kuzaa tope. Sasa fundi wa kuhariri anatafuta mwanzo wenye nguvu. Anasogeza kichwa cha klipu mbele kidogo, neno "tulidhani" linaondoka, na kinachobaki ni "mlima umelipuka". Picha haikuguswa na sauti ni ya shahidi mwenyewe, lakini habari ni ya uongo, na atakayelaumiwa mtaani ni shahidi huyo.

Mkia una hatari yake, hasa kwa lugha za kwetu. Wazee wengi huku Hanang husimulia kwa Kiiraqw au Kidatoga, na fundi aliyetoka mjini hukata kwa kufuata umbo la mawimbi ya sauti: mawimbi yakilala, anadhani sentensi imeisha. Katika Kiiraqw kitenzi kwa kawaida huja mwishoni, na ukanushi mara nyingi hubandikwa kwenye kitenzi hichohicho. Msimuliaji akipumua kabla ya kukifikia, fundi asiyejua lugha anaweza kukata palepale, na neno lililobeba "sikuwaona" likabaki nje ya video. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba ushuhuda wa Kiiraqw usikatwe na mtu aliye peke yake na asiyekijua. Akae na mzungumzaji wa lugha hiyo, tafsiri iandikwe kwanza kwa sentensi nzima, kisha mkato ufuate tafsiri.

Tunalo jambo moja la kutufariji. Programu tunazotumia hazifuti kitu tunapopunguza klipu. Zinaficha tu, na ukivuta ukingo sehemu iliyofichwa inarudi. Lakini inarudi tu ikiwa faili la asili bado lipo. Kijana anayeediti kwenye simu iliyojaa, akafuta video ya asili baada ya kutoa toleo la mwisho, amefuta hata pumzi zilizokuwa kati ya maneno. Kwa tukio kama la Hanang, faili la asili ni kumbukumbu ya kijiji, na lina thamani kuliko video iliyokamilika.

Niingie kwenye kuingiza. Zipo njia mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza husukuma kila kilicho mbele, na video inarefuka. Ya pili huweka klipu mpya juu ya iliyopo na kuimeza kwa urefu uleule. Kwenye programu za Shotcut na Kdenlive, kitufe cha njia ya kwanza ni herufi V, cha pili ni B. Kwenye Adobe Premiere ni koma na nukta. Ukisukuma picha huku njia ya sauti imefungwa, kila kitu baada ya hapo kinaachana: mdomo unasema hili, sikio linasikia lile. Ukimeza bila kukusudia, umefuta maneno, na huenda usigundue, kwa kuwa urefu wa video haujabadilika. Kuna pia chanzo kingine cha sauti kuachana na picha: simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizo na kasi moja. Badilisheni kwanza kuwa kasi thabiti, 25 kwa sekunde, kisha ndipo muanze kukata.

Ila swali zito la kuingiza ni picha gani inaingia. Karibu karne moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti, mojawapo ikiwa ya jeneza, na watazamaji wakausoma uso huo kila mara kwa hisia nyingine. Sisi tunafanya hivyo kila tunapofunika mkato. Mama wa Gendabi anazungumza, tumekata katikati, picha imeruka, basi tunatafuta kitu cha kufunika. Kinachopatikana upesi ni picha za Katesh, kwa kuwa mji ulipigwa picha nyingi. Mtazamaji wa Dar es Salaam ataamini kwamba anaiona nyumba ya mama huyo. Kwa maoni yangu, ni afadhali mkato uonekane. Weka weusi wa nusu sekunde, au acha picha iruke. Kama ni lazima kufunika, tumia picha ya mahali hapohapo, na uandike jina la mahali na tarehe kwenye kioo. Picha za miili zisiingizwe kabisa; ndugu zao bado wanaishi hapa.

Mnapopiga picha, acheni kamera iende sekunde tano kabla ya swali na sekunde tano baada ya jibu. Akiba hiyo ndiyo inayokupa nafasi ya kukata bila kumeza neno. Na toleo la awali lipelekwe Gendabi kabla halijatolewa popote, msimuliaji alitazame lote, akiwa na mtu wa kumsomea maandishi ya Kiswahili yaliyowekwa chini ya maneno yake. Akisema "hapa hamkunimaliza", vuteni ukingo wa klipu mbele yake, palepale.