Imani na Kazi Zake: Maneno kwa Wakristu, Siku ya Jubile



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo sisi wakatekista huulizwa kila mwaka na wakatekumeni: je, mtu huokoka kwa imani, ao kwa matendo? Swali hili si la vitabuni tu. Hapa Lubumbashi nyumba moja yaweza kuwa na baba Mkatoliki, shangazi Mmetodisti, na kijana anayesali katika kanisa la uamsho. Nao hulizungumza mbele ya bukari, pengine kwa hasira.

Wengine humshika Mtakatifu Paulo, wengine Mtakatifu Yakobo, kana kwamba hao wawili walikuwa wagomvi. Lakini tazameni: wote wawili wamtaja Abrahamu. Paulo amtazama siku alipoiamini ahadi, kabla hajatahiriwa, akiwa hana kitu cha kumdai Mungu. Yakobo amtazama miaka mingi baadaye, alipopanda mlimani pamoja na Isaka. Ni mtu yule yule, na imani ile ile.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha waziwazi kwamba hakuna tendo letu linalotangulia liwezalo kutustahilisha neema ya kuhesabiwa haki. Mungu huanza, nasi hushirikiana naye. Yafaa tulikumbuke hilo, maana wako kati yetu wanaodhani mfuko wa simenti walioutoa kwa ajili ya jubile umekwisha kuwalipia mlango wa mbinguni. Tunawashukuru kwa simenti. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Waluteri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho hili. Wametodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Basi yule shangazi hana tena sababu kubwa ya kugombana nasi.

Twataka kukaa zaidi kwa kijana mmoja wa nchi yetu, Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma. Alisoma sheria, akawa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa njiani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua vyakula vinavyoingia mpakani. Mwaka 2007 aliletewa feza ili auachilie upite mchele ulioharibika. Akakataa. Mwezi wa Julai alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, penye kaburi la Mtume huyo huyo wa imani.

Sasa twauliza: alikufa kwa imani ao kwa tendo? Hakuna aliyemwamuru akanyage msalaba ao amkane Kristu kwa kinywa. Alitakiwa anyamaze tu. Na Kanisa limemwita mfiadini.

Goma ni mbali, lakini Kasumbalesa ni karibu. Unga tunaoupika wengi wetu hupita pale, na kati yetu wamo wenye kuupima, wenye kuupakia, wenye kuuandikia karatasi. Hao wote hupokea Komunyo siku ya Mungu.

Tulipowaeleza wakatekumeni habari ya Floribert, kijana mmoja aliuliza: na kama angezipokea zile feza, halafu akaungama? Tulimjibu kwamba Mungu humsamehe atubuye kweli. Lakini mchele ungekuwa umekwisha kuingia vyunguni mwa watu, na feza zingekuwa si zake za kukaa nazo. Kijana akanyamaza. Kumbe yeye mwenyewe hufanya kazi mpakani. Juma lililofuata alirudi na swali la pili, juu ya wadogo zake wanne anaowalipia masomo. Hilo bado tunalizungumza naye.