Joto Lililomo Ndani ya Zege

Fungueni madaftari. Leo tutasema juu ya boriti za zege zinazobeba reli darajani, kama zile za reli ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017.

Mmepata kumega ugali uliokwisha kupoa juu, mkafika ndani vidole vikaungua? Zege nene ni vivyo hivyo. Saruji ikikutana na maji hutoa joto yenyewe, bila moto. Nje hupoa kwa upepo. Katikati joto hubaki. Katikati hutanuka, nje husinyaa, na hapo ufa huzaliwa. Ufa huingiza maji, maji hula chuma kilichomo ndani, na treni nzito yapita juu yake.

Basi mafundi hufanyaje? Kwanza, hupunguza saruji, na badala yake hutia majivu laini ya makaa ya mawe. Pili, huweka kokoto kivulini, hutia barafu katika maji, na humwaga zege usiku. Tatu, huzika vipimajoto ndani. Kwa kawaida hutakiwa katikati pasizidi nyuzi 70 za Selsiasi, wala pasishinde nje kwa zaidi ya nyuzi 20.

Sasa jibuni: ukikuta boriti ina moto, je, uimwagie maji baridi? La! Ngozi yake itasinyaa ghafula na kupasuka. Ifunike, ipoe polepole, bila kukauka.

Andikeni maneno haya: saruji, joto, ufa. Kwaherini mpaka somo lijalo.